Chujio Lililofukizwa Moshi

Nyabiyonza, Jumamosi alasiri

Spesioza mwanangu,

Salamu naziruka. Umetoka kuniletea uji sasa hivi, umeona mwenyewe kwamba sijambo, nami nimeona kwamba hujambo ila macho yamevimba. Kujuliana hali kwa barua wakati tumetenganishwa na ukuta mmoja wa udongo ni kuharibu karatasi.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, uliniuliza swali nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Uliuliza, "Baba, umeniruhusu kwa moyo, au umenyamaza tu?" Kisha ukasema kwamba kama nimenyamaza tu, hupandi gari. Shangazi yako arudi Rwanda peke yake, na ile nafasi ya chuo cha uuguzi aliyokutafutia apewe mwingine. Nakufahamu. Ukisema hupandi, hupandi. Gari linaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo jibu unalihitaji leo, na jibu langu ni refu kuliko njia ya kutoka kanisani.

Mambo ya sweta, ya kutokula vya barabarani na ya kutomwachia mtu mzigo wako, mama yako ameyasema mpaka kuku wanayajua. Sina la kuongeza. Mimi nitakueleza habari za chujio.

Najua unacheka. Umekua ukinisikia nikizungumzia lile chujio la zahanati kama wanaume wengine wanavyozungumzia ng'ombe wao. Lakini kuna habari moja sijawahi kukuhadithia mpaka mwisho. Watu wa hapa wanaijua nusu yake, ile ya Bibi yako, mama yangu, na walikuwa wakiicheka kisimani wewe ukiwa mdogo. Nusu ya pili ni yangu.

Chujio lililetwa baada ya vita vya Uganda kwisha, ulipokuwa unajifunza kutembea. Lilikuwa pipa la chuma lenye kifuniko cha kukazwa kwa skrubu, na ndani yake vimesimama vipande vya udongo mweupe uliochomwa, vyenye uwazi katikati, ambavyo sote tuliviita mishumaa kwa sababu ya umbo lake. Unapiga pampu kwa mkono, maji ya tenki yanaingia kwenye pipa, yanapenya kuta za mishumaa kutoka nje kwenda ndani, uchafu unabaki nje, na kwenye koki yanatoka maji ya kunywa. Sista aliyekuwa mkuu wa zahanati alinichagua mimi, kibarua wa bustani, nilitunze, kwa sababu hakuwahi kunikuta nimelewa. Sifa nyingine sikuambiwa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Uchafu ukijaa juu ya mishumaa, maji hupungua. Unafungua pipa, unaitoa mmoja mmoja, unaupitishia kila mmoja brashi laini ndani ya maji safi, bila sabuni, mpaka ule utelezi wa kijivu uondoke. Unairudisha, unakaza, unapiga pampu, na maji ya kwanza unayamwaga, kwa sababu yamebeba vumbi la kusugua na pengine uchafu wa mikono yako. Kumwaga ndiko kulikowaudhi watu. Jirani yetu Mama Kokwijuka aliwahi kuja na ndoo yake akaitega chini ya koki, akaanza kwa lile neno la Kinyambo la kubembeleza.

"Waitu Yohana, unayanywesha majani maji ya Sista, na sisi tuna kiu?"

Nikamwambia majani hayaendi chooni usiku. Alicheka, lakini ndoo hakuitoa, ikabidi niisogeze kwa mguu.

Palikuwa pia na pete ya chuma iliyokuja pamoja na chujio. Sista alinieleza kazi yake siku ya kwanza nami nikaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia mahubiri marefu. Niliigongomea ukutani kwa msumari, ikawa mahali pangu pa kuning'iniza taulo.

Basi nikashikwa na malaria. Nililala siku kadhaa nikiongea peke yangu, na Bibi yako akaona kazi inanitoka. Alijua kwamba chujio lisiposafishwa Sista atatafuta mtu mwingine. Hakumwambia mtu. Alijifunga kitenge, akaenda zahanati siku ambayo Sista alikuwa amekwenda kijiji cha Kanoni kwenye kliniki ya watoto, akamwambia mlinzi kwamba ametumwa na mimi.

Unamjua Bibi yako na vyombo. Tulipotoka Rwanda mimi nilikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Ng'ombe walipotelea njiani, wote, na yeye akafika Karagwe na kyanzi kimoja kichwani, chombo cha mti cha kuwekea maziwa. Maziwa hatukuwa nayo kwa miaka mingi. Lakini kyanzi alikiosha vilevile, na baada ya kukiosha aliwasha nyasi zenye harufu nzuri akakiinamisha juu ya moshi mpaka kinukie ndani kote. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake: chombo ambacho hakijafukizwa kimeloweshwa tu, hakijasafishwa.

Na chujio lilikuwa chombo. Aliitoa mishumaa, akaiosha vizuri, pengine vizuri kuliko mimi. Kisha akaipanga juu ya mawe, akawasha nyasi zake chini, akalifunika pipa juu ya vyote, na kuuacha moshi ufanye kazi mchana mzima. Akarudisha kila kitu mahali pake akaja nyumbani. Aliniambia, kwa Kinyarwanda, nilale, kazi imefanyika.

Siku niliyorudi kazini maji yalikuwa yakitoka tone kwa tone, na yalinukia moshi. Masizi yalikuwa yameziba vitundu vya udongo. Kilichonishangaza ni foleni. Wanawake walikuwa wamejipanga kwenye koki, wanasubiri hayo matone. Mama Kokwijuka alionja akafumba macho.

"Waitu, haya yananukia kyanzi! Leo ndiyo Sista ametupa maji."

Mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri dawa akasema kwa sauti, "Chujio la watu limefukizwa Kinyarwanda." Watu wakacheka. Nadhani hakuwa na ubaya, maana hata yeye alikunywa. Lakini mimi sikucheka, na hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Wakati wa vita upande wa Uganda, mgambo walikuwa wakisimamisha watu njiani wakitafuta wageni wasiojulikana. Siku moja tulikuwa tunatoka Kituntu, mimi, Bibi yako, na wewe ukiwa mgongoni kwake. Mimi nilijibu kwa Kiswahili nikaambiwa nipite. Bibi yako akashtuka, akajibu kwa lugha iliyomjia kwanza. Tukakalishwa juani mpaka jioni, bunduki ikiwa imelazwa kwenye magoti ya kijana niliyemjua tangu akiwa mchunga mbuzi, mpaka balozi wetu wa nyumba kumi alipofika kusema kwamba sisi ni watu wake. Hakuna aliyetupiga. Ulilia kwa njaa, na mama yako alikuwa nyumbani na maziwa yake. Nilijiambia sitakaa tena juani kwa sababu ya neno.

Kwa hiyo mtu yule aliposema alichosema pale kwenye koki, sikusikia mzaha. Nilifunga koki, nikawafukuza wanawake, nikafungua pipa. Brashi laini haikutoa masizi. Nikaenda jikoni kwa wagonjwa nikachukua stiliwaya, ile ya kusugulia masufuria, nikasugua. Nilisugua mpaka kila mshumaa ukawa mweupe pee, na maji kwenye beseni yakawa kama maziwa. Ulikuwa udongo wenyewe unatoka. Mimi niliona ni usafi.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikamkuta Bibi yako anakuchezesha mapajani, anakuimbia. Nikamwambia, "Mama, kuanzia leo Kinyarwanda basi katika nyumba hii. Na moshi basi."

Aliniangalia. "Nitasema nini?"

"Kiswahili. Kinyambo cha mama Spesioza. Viko viwili, vinakutosha."

"Mimi nilikusaidia kazi, wewe unagomba nini?" Hilo alilisema kwa Kiswahili, vibaya vibaya, na nikaona nimeshinda.

Tangu hapo akawa mwanamke wa maneno machache. Watu walimsifu kwamba ni mpole. Hakuwa mpole hata kidogo, na wewe unalijua hilo.

Chujio, baada ya kusuguliwa, lilitoa maji kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Ndoo ilijaa kabla hujamaliza kusalimiana na mwenye ndoo. Watu walinisifu, Sista alinipa shati. Kama mlinzi wa chujio nilikuwa na ruhusa ya kuchukua dumu moja la maji nyumbani, na nilijivuna nalo. Nilimkataza mama yako kuyachemsha. Kwa nini uunguze kuni kwa maji yaliyochujwa?

Ukashikwa na kuhara damu. Wagonjwa wodini nao wakashikwa, waliokuja na mguu uliovunjika wakawa wanashindwa kutoka chooni. Watoto wa Mama Kokwijuka, ambao mama yao alikuwa ameudhika nilipomfukuza kwenye koki na kurudia kuchemsha maji ya kisima, walikuwa wanacheza uani. Wewe ulikuwa umelala kwenye kitanda cha zahanati, ngozi ya tumbo Sista akiivuta inabaki imesimama. Sitaandika zaidi juu ya siku hizo. Nilikupenda sana nikiwa nakutazama, na sikukushika, kwa sababu niliogopa mikono yangu.

Ulipoanza kunywa na maji yakakaa tumboni, Sista alinichukua mpaka kwenye chujio. Akatoa taulo langu kwenye msumari, akaitungua ile pete. Akauvalisha mshumaa wa kwanza. Pete ikateleza kutoka juu mpaka chini bila kugusa chochote. Na wa pili hivyohivyo, na yote. Mshumaa ukipita kwenye pete, maana yake umesuguliwa ukawa mwembamba mno, unapitisha kila kitu. Ndiyo maana maji yalikuwa yanakimbia.

Sista hakuwa mtu wa kupayuka. Alisema, "Yohana, moshi ungetoka polepole. Udongo haurudi."

Mishumaa ikatupwa, ikaagizwa mingine, tukachemsha maji kwa miezi. Sikufukuzwa. Na mimi nikawa mtu makini wa brashi laini na pete, kama unavyonijua, mpaka mnanitania. Kwa mishumaa nilielewa siku ileile. Kwa nyumba yangu nilichelewa sana.

Wakimbizi wa Rwanda walipoanza kumiminika huku kwetu, unakumbuka, nilikwenda kufanya kazi kambini kwa wageni waliokuwa wanajaribu mtambo wao wa maji. Ule haukuwa na mishumaa. Ndani yake mlikuwa na tando nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na fundi wao alinikataza kuzigusa kabisa. Maji yakipungua, unafunga koki hii na kufungua ile, unasukuma maji safi kwa kinyume, kutoka upande wa usafi kwenda upande wa uchafu, na taka inaachia yenyewe na kutokea bombani. Ikikataa, unalowesha dawa, unasubiri, unasuuza mpaka harufu ya dawa iishe. Mimi mikono iliniwasha. Nilimwambia fundi, "Nipe nizitoe nizipitishie brashi kidogo tu."

"Utazitoboa," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Kazi yangu ilikuwa kufungua koki na kukaa. Nilipokuwa nimekaa nilikuwa nasikia Kinyarwanda kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa maelfu ya watu, na sikujibu hata neno. Waliniona Mtanzania. Siku moja mwanamke alikuja akaniuliza kama maji ya bomba lile anaweza kumpa mtoto mchanga. Nilimwelewa kila neno. Nilimjibu kwa Kiswahili. Hakuelewa, akaondoka na mtoto wake kutafuta mtu wa kumfasiria, na nilimtazama akizunguka kwenye matope kutoka hema moja hadi jingine kwa swali ambalo jibu lake ni ndiyo. Niliona aibu, Spesioza. Lakini hata siku hiyo sikuinuka.

Halafu mwezi uliopita shangazi yako akaja. Alikaa pale sebuleni, akakuuliza kitu kwa Kinyarwanda kisha akajishika mdomo, maana nilikuwa nimemwonya kwamba wewe hujui. Ukamjibu. Hukumjibu neno moja la kuokoteza; ulimjibu kwa kirefu, ukaongeza utani, na Bibi yako akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu ulipokuwa mapajani kwake. Nilitoka nikaenda migombani, nikakata majani makavu ambayo hayakuwa na haja ya kukatwa. Nilikasirika. Nilijiona mgeni katika nyumba niliyoijenga.

Baadaye nilimuuliza Bibi yako, "Mlikuwa mnazungumza lini?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Wewe ukienda kusafisha chujio."

Miaka yote hiyo. Mimi nipo kule na brashi yangu laini, nautunza udongo wa watu usipungue, na nyumbani mnafanya haraka haraka kabla sijarudi. Nilifikiria kukasirika tena nikakosa nguvu.

Sitakuomba radhi kwa kila kitu, na usiningojee. Ulisoma shule ya msingi na sekondari bila mtu kukukalisha juani. Ulipotamka jina lako hakuna aliyekuuliza babu yako alizikwa wapi. Hilo nililitaka na nililipata, na kama ningerudishwa kwenye barabara ile ya Kituntu na wewe unalia, sijui kama ningetenda tofauti. Lakini nilisugua kuliko ilivyohitajika, na nilimsugua mama yangu mzazi. Lililobaki kwako alilihifadhi yeye kwa kujificha, si mimi. Ungekuwa umelelewa na mimi peke yangu ungeshuka kesho kwenye nchi ya babu zako ukiwa bubu.

Huko watakucheka. Watasikia Karagwe katika kila sentensi yako, kama vile hapa walivyosikia Rwanda kwa Bibi yako. Wengine hawatacheka, watakutazama tu, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu watu wa huko wametoka kwenye mambo ambayo tumeyasikia redioni na sitaki kuyaandika. Utashikwa na hamu ya kujitakatisha upesi ili ufanane nao, kuuacha Unyambo wa mama yako, kukizika Kiswahili chako, kusema hukuwahi kula matoke. Nakujua una mkono mzito kama wangu. Usikimbilie stiliwaya. Lililokukaa litatoka polepole kama linapaswa kutoka, na lisipotoka pia utaishi.

Sasa jibu. Nilinyamaza kwa sababu naogopa, na kwa sababu ukiondoka Bibi yako hatakuwa na mtu wa kuongea naye. Nilijua kwamba mtu huyo angepaswa kuwa mimi, na sikuwa tayari. Hilo ndilo lililonifungisha kamba ya kiatu Jumapili. Halikuhusu wewe kabisa.

Nimekuruhusu kwa moyo. Panda gari.

Kesho nimeomba ruhusa zahanati, chujio litafunguliwa na mwingine. Sanduku lako nitalibeba mimi mpaka barabarani, mama yako atatangulia na shangazi. Tukiwa njiani niongeleshe kwa lugha ya Bibi yako. Nikikawia kujibu usidhani nimenyamaza tena. Nitakuwa natafuta maneno.

Baba yako,
Yohana